Fahamu: Taa za bandarini zinawahusuje watu wa Kasulu na Kibondo?

Kila unapojadiliwa usalama wa vyombo vya Ziwa Tanganyika, watu wa nyanda za juu za Kigoma nao wanahusika. Mei 2015, meli ya MV Liemba ilivusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, hadi Kigoma. Kutoka hapo walipelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Baadaye wengine walipokelewa kambi ya Nduta, Kibondo. Ndiyo maana taa zinazolinda safari kama hizo zinawahusu.

Mnara wa taa una kazi gani?
Humwonyesha nahodha alipo usiku. Kila taa ina mpangilio wake wa kuwaka na kuzima, ulioandikwa kwenye ramani za majini. Hujengwa juu kwa sababu dunia ni mviringo: taa ya chini haionekani mbali.

Mfano mmoja wa kwetu ni upi?
Mnara wa kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ulijengwa 1904 kuongoza meli zinazoelekea bandarini.

Na vituo vya ishara vya bandarini vilifanya nini?
Kabla ya redio, vilipandisha bendera mlingotini kuzijulisha meli kama ziingie au zisubiri. Usiku zilitumika taa.

Je, taa bado zinahitajika?
Ndiyo. Meli kubwa zina redio na vifaa vya setilaiti, lakini mitumbwi mingi haina. Vifaa navyo huharibika. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia takriban mita 1,470, taa inayowaka kila usiku huokoa maisha. Kuitunza ni wajibu, si anasa.