Ngeli za Kiswahili katika Mkondo wa Kiotomatiki wa Programu za Simu

Aghalabu msomi wa Kiswahili anaposikia habari za utengenezaji wa programu za simu, hudhani kwamba hayo ni ya wahandisi peke yao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu hizo zinavyoundwa, zinavyojaribiwa na zinavyotolewa kwa mkondo wa kiotomatiki, na kuonyesha ni wapi mjuzi wa lugha anahitajika.

Mkondo huo una hatua tatu kuu. Kwanza ni uundaji. Mtengenezaji anapobadilisha msimbo, huutuma kwenye hazina ya pamoja inayosimamiwa kwa mfumo kama vile Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Seva huyapokea mabadiliko hayo na kuiunda programu upya. Pili ni majaribio. Seva hutekeleza majaribio yaliyoandikwa awali: je, hesabu ni sahihi? Kitufe kikibonyezwa, ukurasa unaotarajiwa hufunguka? Jaribio moja likishindwa, mkondo husimama. Tatu ni utoaji. Programu iliyofaulu hutiwa saini ya kidijitali na kupelekwa Google Play au App Store. Hapo pia pana tahadhari. Apple humruhusu mtengenezaji kusambaza toleo jipya hatua kwa hatua kwa siku 7, akianza na asilimia 1 ya watumiaji wanaopokea matoleo mapya kiotomatiki. Hitilafu ikijitokeza, usambazaji husitishwa.

Lugha inaingia wapi basi? Kwa kawaida, maandishi anayoyaona mtumiaji huhifadhiwa katika faili zilizotengwa na msimbo, kila lugha na faili yake. Mkondo unaweza kubaini kwamba sentensi fulani haina tafsiri ya Kiswahili. Hauwezi, peke yake, kujua kwamba tafsiri iliyopo ni mbovu. Tuchukue mfano wa programu ya maktaba. Mtengenezaji akiweka kiolezo kimoja ambapo kila nomino hufuatwa na neno “imepakuliwa”, simu itaonyesha “kitabu imepakuliwa” na “makala imepakuliwa”. Kwa seva, majaribio yote yamefaulu; kwa sikio la Mswahili, upatanisho wa kisarufi umevunjwa. Kosa hilo litawafikia watumiaji kwa kasi ileile inayoifikisha kazi njema.

Dawa yake imo ndani ya mkondo wenyewe, nayo ni majaribio ya lugha. Kila ngeli iandikiwe jaribio linalodai “kitabu kimepakuliwa”, “vitabu vimepakuliwa”, “makala yamepakuliwa” na “picha zimepakuliwa”. Likishaandikwa mara moja, litarudiwa kila msimbo unapobadilishwa, bila kuchoka wala kusahau.

Swali ni nani ataliandika. Mhandisi anaweza kuhitimu bila kusomea ngeli. Sisi tumezisomea kwa miaka. Hivyo basi, ni wajibu wa idara za Kiswahili kushirikiana na zile za kompyuta tangu programu inapoanza kubuniwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.