Tone la Mofini Kwenye Ganzi ya Mgongo

Mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa amechomwa ganzi ya mgongo huwa macho. Kisu hakisikii. Lakini mfuko wa uzazi ukitolewa nje kushonwa, wapo wanaosikia kuvutwa tumboni, kichefuchefu, hata maumivu. Kuongeza bupivakeini, dawa kuu ya ganzi ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 10 hadi 12, si jawabu: ganzi hupanda juu mno na presha huporomoka, damu iendayo kwa mtoto nayo ikapungua. Ndiyo sababu wataalamu wa usingizi huichanganya na dawa saidizi.

Fentanili, mikrogramu 10 hadi 25, hufanya kazi ndani ya dakika chache na hutuliza yale maumivu ya ndani. Baada ya saa chache imekwisha. Mofini huchelewa kuanza, ila mikrogramu 100 tu zaweza kumtuliza mama hadi siku nzima. Huziba njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo bila kulegeza miguu, hivyo ganzi ikiisha mama anaweza kuinuka na kunyonyesha. Klonidini nayo hurefusha ganzi, lakini hushusha presha na kuleta usingizi. Kwa mzazi siipendelei.

Mofini haipendi mafuta. Hubaki ikielea katika maji ya uti wa mgongo, na taratibu hupanda kuelekea ubongo, penye kituo cha kupumua. Kwa dozi ndogo ni nadra pumzi kudhoofika, lakini ikitokea, huweza kuwa saa nyingi baadaye, mama akiwa wodini. Kupima presha peke yake hakutoshi. Muuguzi ahesabu pumzi, aangalie kama mama anaamka akiitwa, na nalokisoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini, iwe karibu.

Kipimo nacho kinatisha. Kichupa cha miligramu 10 kina dozi 100 za mgongoni. Kosa dogo la kuchanganya ni balaa. Tena lazima iwe mofini isiyo na kemikali za kuhifadhia.

Kuwashwa uso na pua baada ya mofini ni kawaida, wala si mzio.

Msimamo wangu: wodi isiyo na mtu wa kuhesabu pumzi usiku kucha itumie fentanili, kisha parasetamoli na diklofenaki kwa mama asiye na kizuizi cha kuzitumia. Nawe mama, kabla hujalazwa kitandani, uliza: kwenye sindano yangu mmeweka nini, na usiku nani ataniangalia?