Mjane wa Mang'ola Anarithi kwa Sheria Ipi?

Kila muhula mada ile ile hurudi kwenye midahalo yetu ya jioni: Uislamu na haki za binadamu vinapatana au havipatani? Mmoja anasimama na CEDAW, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwingine anasimama na Surat An-Nisaa. Ukumbi unapiga makofi, halafu tunaenda kula chipsi. Mimi nasoma sheria, kwetu ni Karatu, na naona mdahalo huo una kasoro kubwa: tunaongea kana kwamba mwanamke amesimama kati ya vitabu viwili tu. Kwetu viko vitatu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mrangi mmoja, Mwislamu, alihama Kondoa miaka mingi iliyopita akaja kulima vitunguu vya umwagiliaji Mang'ola, kule bonde la Eyasi. Anafariki bila wasia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili, shamba na ng'ombe 32. Ndugu wanakaa kikao cha ukoo, wanaandika muhtasari, na safari ya mahakama ya mwanzo inaanza.

Sasa hakimu ana swali la kujibu kabla hajagusa ng'ombe hata mmoja: marehemu alikuwa mtu wa sheria gani? Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mirathi inayofuata sheria nyingine huenda ngazi za juu. Na jina peke yake halitoshi kuamua. Mahakama zetu hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Alifunga ndoa vipi? Aliswali? Mambo yake aliyamaliza kwa sheikh au kwa wazee wa ukoo? Mashemeji wanalijua uzito wa swali hilo kuliko sisi wenye vitabu.

Maana tazama hesabu yenyewe. Kwa sheria ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi na madeni, mke mwenye watoto anapata sehemu 1 kwa 8: ng'ombe 4. Wanabaki 28. Mtoto wa kiume anapata mara mbili ya dada yake, kwa hiyo 14 wake, na kila binti 7.

Ukienda kwa mila hali inabadilika. Mwaka 1963 serikali iliandika kanuni za mirathi ya kimila kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, katika Tangazo la Serikali namba 436. Humo mjane hana fungu endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto, kama yeye alivyowatunza. Mabinti wako daraja la tatu, la mwisho. Mjane anatoka na ng'ombe 0.

Panda sasa mpaka Ngorongoro. Ndani ya hifadhi kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kwa hiyo cha kurithi hasa ni mifugo. Kwa mila ya Kimaasai, ng'ombe waliotengewa nyumba ya mama huishia mikononi mwa wanawe wa kiume. Mjane wa Kimaasai ambaye mumewe alisilimu akidai thumuni yake, hajarudi nyuma. Amepanda ngazi. Jamani, hili kwenye midahalo hulisikii, wala upande wa CEDAW wala upande wa An-Nisaa.

Lakini ngazi hiyo ina mwisho. Tanzania iliridhia CEDAW mwaka 1985 bila kuweka sharti lolote la kujitoa kwenye kifungu fulani. Kanuni zile za kimila zilishafikishwa mbele ya kamati ya mkataba huo na wajane wawili wa Kisukuma, baada ya mahakama za nyumbani kutowapa nafuu, na mwaka 2015 kamati ikasema nchi imekiuka haki zao. Kwa kipimo hicho hicho, 14 kwa 7 nayo haipiti.

Wenzangu Waislamu wana jibu, na si jibu la kubahatisha. Mwanamume ana mzigo wa nafaka, anatoa mahari, anabeba mama na dada zake. Mwanamke anachopata ni chake peke yake. Nalikubali kama hoja. Shida yangu ni utekelezaji. Mahakama ya mwanzo inagawa mafungu, inafunga jalada. Kaka akishauza ng'ombe zake 14 na kuhamia mjini, nani anamkumbusha dada zake? Zanzibar wana mahakama za kadhi zenye nguvu ya kisheria. Bara hazina nguvu hiyo tangu miaka ya 1960. Kadhi wa BAKWATA ananasihi, hawezi kumlazimisha mtu. Kwa hiyo dola inatekeleza nusu ya fungu na kuuacha wajibu uliolihalalisha. Hiyo ni sheria ya Kiislamu iliyokatwa katikati, na aliyekatiwa ni binti.

Suala hili limeshaamuliwa karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mali ilipitisha bungeni mwaka 2009 sheria ya familia yenye mirathi sawa, jumuiya za Kiislamu zikaandamana, na sheria ya mwaka 2011 ikarudisha mgao wa Kiislamu kuwa kanuni ya kawaida kwa asiyeacha maelekezo mengine. Mashirika mawili yakashtaki kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Mei 2018 ikaamuliwa kwamba Mali imekiuka Itifaki ya Maputo, ambayo nasi tumeiridhia. Mahakama hiyo iko Arusha, mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Karatu. Ila mjane wetu hawezi kupanda basi akafungue kesi huko mwenyewe: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja.

Kwa maoni yangu kuna hatua moja tunairuka, nayo haigombani na aya yoyote. Kinachorithiwa ni mali ya marehemu tu. Ng'ombe 32 walikuwa wake wote? Nani alipalilia vitunguu, nani aliamka usiku zamu ya maji ilipofika? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini ile ilikuwa kesi ya talaka, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinazungumzia talaka na kutengana, hakitaji kifo. Yaani aliyeachwa ana mlango ulio wazi kuliko aliyefiwa.

Shambani Mang'ola mlango mwingine upo: hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili mume akiwa bado hai, na siku ya mirathi nusu ya shamba haiingii kabisa kwenye hesabu ya thumuni. Kule juu Ngorongoro, ndani ya hifadhi, hati ya namna hiyo hakuna, na ng'ombe hana hati.