Kibali cha Kazi na Ukaazi wa Kudumu Ng'ambo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Shamba

Wakazi wa Diani na Galu wamezoea kuishi na majirani kutoka ng'ambo. Mmoja ana mkahawa, mwingine ana nyumba za kukodisha, mwingine amestaafu kwao na amekuja kupumzika kando ya bahari. Ni wachache wanaojiuliza watu hawa wamepataje ruhusa ya kukaa.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 imeweka utaratibu. Mgeni anayetaka kufungua biashara huomba kibali cha daraja la G na kuonyesha mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Aliyeajiriwa huombewa kibali cha daraja la D. Anayekuja kuishi kwa mapato yake mwenyewe huomba daraja la K, na ni lazima awe ametimiza umri wa miaka 35 na awe na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka. Hakuna hata kimoja kati ya vibali hivi ambacho ni ukaazi wa kudumu. Ili aombe ukaazi huo kwa njia ya kazi, mgeni anatakiwa awe ameshikilia kibali cha kazi kwa miaka 7 au zaidi, na awe ameishi nchini mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuomba.

Kijana wa Kwale anayekwenda ng'ambo hukutana na mambo hayo hayo. Kuna karatasi mbili, na kila moja ina kazi yake. Kibali cha kazi humruhusu mtu kufanya kazi fulani kwa muda fulani, mara nyingi kwa mwajiri mmoja. Ukaazi wa kudumu humruhusu kuishi na kufanya kazi bila kumtegemea mwajiri yeyote. Hasara huanza pale familia inapouza shamba la minazi Msambweni au ng'ombe kule Kinango ili kulipia karatasi ya kwanza, ikidhani inanunua ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, liko swali moja la kumuuliza ajenti au mwajiri: je, miaka nitakayofanya kazi kwa kibali hiki itahesabiwa kuelekea ukaazi wa kudumu? Jibu hutegemea nchi.

Nchi za Ghuba: miaka haihesabiwi

Wakazi wengi wa Pwani wanaokwenda kufanya kazi nje huelekea Saudi Arabia, Imarati, Qatar na Oman. Mikataba mingi, hasa ya kazi za nyumbani, ni ya miaka 2, na kibali huwa kimefungwa kwa mwajiri. Mkataba ukiisha bila kuhuishwa, mfanyakazi hurudi nyumbani. Hata akifanya kazi miaka 15, hesabu ya miaka pekee haimpi ukaazi wa kudumu.

Saudi Arabia ilianzisha ukaazi maalumu mwaka 2019, na aina yake isiyo na kikomo hulipiwa riyali 800,000. Imarati nayo hutoa viza ya dhahabu ya miaka 10 kwa makundi kama wataalamu wa ngazi za juu na watu walionunua nyumba za thamani ya dirham milioni 2 au zaidi. Njia hizi hazikuwekwa kwa ajili ya yaya, dereva au mlinzi.

Hii haina maana kwamba kazi ya Ghuba haifai. Mshahara wake umejenga nyumba na kulipa karo za watoto wengi. Lakini safari hiyo ipangwe kama mradi wa akiba: kiasi gani kitawekwa kila mwezi, nani atakitunza, na mtu atarudi kufanya nini mkataba ukiisha.

Ujerumani: kwanza kibali, kisha ukaazi

Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Baada ya hapo zilienea habari kwamba kuna nafasi 250,000 zilizotengewa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: mkataba huo hautaji idadi yoyote ya nafasi. Kila mwombaji bado anapaswa kutimiza masharti ya sheria ya Ujerumani.

Masharti makuu ni mafunzo ya kazi yanayotambuliwa, mwajiri aliyetoa mkataba na, katika kazi nyingi, lugha. Muuguzi aliyehitimu chuo cha KMTC Msambweni, kwa mfano, hawezi kuanza kazi kama muuguzi kamili hadi shahada au diploma yake itambuliwe na mamlaka ya jimbo analokwenda na Kijerumani chake kifike kiwango kinachotakiwa, ambacho kwa kawaida ni B2.

Mfanyakazi mwenye ujuzi aliyeingia kwa kibali cha fundi au mtaalamu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3, tangu sheria ilipolegezwa Machi 2024. Awe amechangia mfuko wa pensheni wa nchi hiyo kwa miezi 36, ajue Kijerumani cha kiwango cha B1, na aonyeshe kwamba anaelewa misingi ya sheria na maisha ya Ujerumani. Wenye kadi ya buluu ya Umoja wa Ulaya, inayotolewa zaidi kwa wenye shahada na mshahara wa juu, huweza kuomba baada ya miezi 27, au miezi 21 wakiwa na B1. Kwa vibali vingine vingi, muda wa kawaida ni miaka 5.

Tangu Juni 2024 kuna pia Kadi ya Fursa, inayoitwa Chancenkarte kwa Kijerumani. Humruhusu mtu kuingia Ujerumani na kutafuta kazi kwa mwaka 1. Mwombaji awe na shahada au mafunzo ya kazi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa Kenya, ajue Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, awe na fedha za kujikimu na afikishe pointi 6. Umri ulio chini ya miaka 35 huleta pointi 2. Uzoefu wa miaka 2 katika fani aliyosomea, ndani ya miaka 5 iliyopita, huleta 2 nyingine, na Kijerumani cha B1 huleta 2 pia. Kadi hii ni ya kutafuta kazi tu. Anayekosa kazi inayostahili hana budi kurudi.

Kuna jambo linalowahusu vijana wa ufuoni moja kwa moja. Wengi wao huzungumza Kijerumani walichojifunza kwa watalii, na wengine hukizungumza vizuri. Ubalozi hautazami mazungumzo hayo. Hutazama cheti cha mtihani, kama ule wa Goethe-Institut ya Nairobi. Anayejua tayari kuzungumza ana nusu ya safari mkononi, lakini ni lazima ajifunze kusoma na kuandika, kisha akafanye mtihani.

Kanada: ukaazi hutolewa kabla ya kupanda ndege

Kanada ina mfumo uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Anayefaulu kupitia njia ya wafanyakazi wenye ujuzi hufika Kanada akiwa tayari mkaazi wa kudumu. Ndiyo maana matapeli hupenda kulitumia jina la Kanada.

Masharti ya kuingia kwenye foleni ni haya: angalau mwaka 1 wa kazi ya ujuzi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, mtihani wa lugha, ambao kwa IELTS ni alama 6.0 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Tathmini ya vyeti vya masomo. Fedha za kuanzia maisha, ambazo mwaka 2025 zilikuwa zaidi ya dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja. Na pointi 67 kati ya 100. Kufikisha 67 hakumaanishi kuchaguliwa. Baada ya hapo waombaji wote hupangwa kwa alama nyingine, na wa juu ndio wanaoalikwa.

Aina ya kazi ni muhimu sana kwa wafanyakazi wa hoteli za Diani. Kanada imepanga kazi katika ngazi kuanzia 0 hadi 5, na njia hii hukubali ngazi za 0 hadi 3 pekee. Mpishi yumo, kwa kuwa kazi yake iko ngazi ya 2 au ya 3. Mhudumu wa mezani na msafishaji wa vyumba wako ngazi ya 5, kwa hiyo uzoefu wao hauhesabiwi hapa, hata ukiwa wa miaka 20. Watu watatu waliofanya kazi hoteli moja wanaweza kupata majibu tofauti kabisa.

Tarehe 25 Machi 2025, Kanada iliondoa alama za ziada zilizokuwa zikitolewa katika mchujo wa Express Entry kwa mwenye barua ya kuajiriwa. Sababu mojawapo ni kwamba barua hizo zilikuwa zikiuzwa. Anayekuja Ukunda akiuza barua ya kazi ya Kanada kama tiketi ya ukaazi anauza kitu kilichopoteza thamani hiyo.

Uingereza: sheria hubadilika

Kwa miaka kadhaa vijana wengi wa Kenya walikwenda Uingereza kutunza wazee. Tarehe 22 Julai 2025, nchi hiyo ilifunga njia ya kuajiri watunzaji wapya kutoka nje. Mwaka huo huo serikali yake ilitangaza mpango wa kurefusha muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi kutoka miaka 5 hadi 10. Funzo ni kwamba taarifa ya mwaka jana haitoshi. Masharti yasomwe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya nchi husika, siku ile ile mtu anapotaka kulipa.

Njia ya biashara

Wapo wanaodhani kwamba kufungua kampuni ng'ambo huleta ukaazi. Marekani hutaka mwekezaji aweke angalau dola 800,000 katika eneo lililoteuliwa na kuunda nafasi 10 za kazi. Uingereza hutaka wazo jipya la biashara lililoidhinishwa na taasisi inayotambuliwa. Ujerumani hutazama kama biashara inahitajika mahali hapo na kama fedha zake zipo. Aliyejiajiri anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 iwapo biashara imefaulu na inamlisha yeye na familia yake. Kusajili jina la kampuni peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kuishi popote.

Kabla ya kulipa

Hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na kwamba leseni yake haijaisha. Jina la kampuni kwenye risiti lilingane na lililo kwenye leseni.

Mkataba wa kazi ya nje upelekwe kwa afisa wa leba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba huo uthibitishwe naye, baada ya kuhakikisha kwamba mfanyakazi ameuelewa, amekubali kwa hiari na hakudanganywa. Ajenti anayekwepa hatua hii ametoa onyo mwenyewe.

Serikali ya kaunti haitoi pasipoti, viza wala vibali vya kazi. Uhamiaji ni jukumu la serikali ya kitaifa. Yeyote anayeomba pesa za viza kwa jina la kaunti aripotiwe polisi.

Uraia na ardhi ya nyumbani

Kupata ukaazi wa kudumu hakumwondolei mtu uraia wa Kenya. Anaendelea kusafiri kwa pasipoti ya Kenya. Hata akichukua uraia wa pili baadaye, Katiba ya 2010 inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake, ila sheria inamtaka autangaze uraia huo mpya ndani ya miezi 3. Shamba lake la Kwale linabaki lake.

Ukaazi wenyewe unaweza kupotea. Kanada hutaka mkaazi awe nchini humo angalau siku 730 katika kila miaka 5. Ule wa Ujerumani kwa kawaida hukoma mtu akikaa nje zaidi ya miezi 6.

Mpangilio wa matumizi

Anayetaka kwenda aanze na vitu vinavyobaki mkononi hata viza ikikataliwa: cheti cha lugha, mafunzo ya kazi yaliyokamilika na barua za uzoefu kutoka kwa waajiri wa sasa, zikitaja kazi aliyofanya na tarehe zake. Mpishi mwenye diploma na Kijerumani cha B1 ana thamani kubwa zaidi Diani pia. Ada za maombi zifuate baada ya hapo. Shamba liwe la mwisho kuguswa, na lisiguswe kabla ya swali lile moja kujibiwa kwa maandishi.