Sivi jointi inakufa kila mara? Soma kwanza kabla hujanunua nyingine

Wadau, gari linalovutwa na tairi za mbele likilia ka-ka-ka kwenye kona, jua jointi ya nje imekwisha. Likitetemeka ukikanyaga mafuta, cheki ya ndani.

Ila ukifunga mpya nayo ikafa haraka, tafuta mchawi kwingine. Anza na mpira wa jointi: ukichanika, grisi inatoka, vumbi na maji vinaingia. Mpira mzima? Angalia maunti za injini, zikichoka shafti inakaa vibaya. Umenyanyua gari kwa spesa? Shafti inazunguka kwa pembe kali, jointi inasagika. Na nati ya habu ikazwe kwa kipimo, sio kwa misuli ya fundi.

Usipuuze jamani. Jointi ikiachia barabarani, injini inanguruma lakini gari haliendi. Nani yamemkuta?