Kabla ya Kununua Nyumba Nyali, Uliza Njia ya Kwenda Baharini

Kuna homa mpya iliyoingia vijijini mwetu, nayo haitibiwi zahanatini. Mtoto akifanikiwa ughaibuni hataki tena kujenga hapa Kiogoro. Zamani fedha za kwanza zilizotumwa nyumbani zilikuwa za mabati ya nyumba ya mama. Siku hizi zinatafuta upepo wa bahari. Picha za majumba ya Nyali, Vipingo na Diani huzunguka katika simu za vijana wetu, kila moja ikiwa na bwawa la kuogelea, minazi miwili mitatu, na maelezo kwamba ufuo uko hatua chache tu kutoka mlangoni.

Sina ugomvi na homa hiyo. Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya kumiliki ardhi popote nchini, na Mgusii anayekwenda kuishi Mombasa hajamkosea mtu. Isitoshe, mimi mwenyewe nilifundisha Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye migomba yangu. Ndiyo sababu binti wa kaka yangu, muuguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wamekuwa wengi, alinipigia simu na kuuliza, "Baba mdogo, ninunue mtaa gani?" Nilimjibu kwa barua ndefu. Sehemu kubwa ya barua hiyo naiweka hapa kwa faida ya walimu wenzangu na wanafunzi wao, ambao yamkini kesho wataulizwa swali lilo hilo na jamaa zao.

Jambo la kwanza la kukiri ni kwamba sisi wa Kiogoro hatuna mazoea ya kuchagua mtaa. Hapa mtu huzaliwa ndani ya ujirani wake. Baba aligawa shamba, wana wakapewa vipande, na jirani yako ni ndugu yako, upende usipende. Mipaka imo vichwani mwa wazee kabla ya kuwamo katika ramani, na mtu akisogeza ua kwa hatua moja, ukoo mzima hukutana. Mtu aliyelelewa hivyo anapofika Nyali hudhani ardhi ni ardhi, na kwamba mwenye hatimiliki ndiye mwenye mali. Huanza kukagua vigae, roshani na jiko. Lakini vigae hung'olewa vikawekwa vingine. Historia ya kiwanja haing'oki.

Na pwani historia hiyo ni nzito. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi katika ukanda wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Aliyetaka kutambuliwa kuwa mmiliki alitakiwa kufika mbele ya msajili na kuthibitisha madai yake. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakufika, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndipo ulipozaliwa mzozo wa maskwota na wamiliki wasioishi kwenye mashamba yao, mzozo ambao haujamalizika hadi leo. Ndipo pia ulipostawi Mombasa utaratibu wa kuwa na nyumba bila ardhi: kuta na paa ni mali yako, ila udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja. Mtu wa kutoka bara akiambiwa kwamba nyumba inauzwa, hawazii kuuliza kama inauzwa pamoja na ardhi. Na aulize.

Baada ya Uhuru ukaja unyakuzi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kote nchini, viwanja vya ufuoni vikiwemo. Sisi walimu hatukuhitaji ripoti. Tuliona nyanja za shule zikipungua, mwaka baada ya mwaka, hadi watoto wakawa wanacheza kandanda katika upenyo wa darasa na darasa.

Nataka msomaji aizingatie kesi moja, kwa kuwa inatosha kumfunza mnunuzi yeyote. Mnamo Septemba 2017 maafisa wa Kaunti ya Mombasa waliubomoa ukuta wa kiwanja kimoja ufuoni mwa Nyali ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Mwenye kiwanja, kampuni iitwayo Dina Management, alikwenda mahakamani akiwa na hatimiliki mkononi. Kiwanja kile kilikuwa kimetolewa kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye kikauzwa kwa kampuni nyingine, na hiyo nyingine ikaiuzia Dina. Kesi ilipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakatoa hukumu: maadamu utoaji wa kwanza haukufuata sheria, hati zilizofuata hazikuwa na msingi, na aliyenunua hawezi kujikinga kwa kusema kwamba alinunua kwa nia njema.

Tafakari uzito wa maneno hayo. Hati ilikuwepo, muhuri ulikuwepo, fedha zilikwisha kulipwa, na bado kiwanja kikapotea. Kwa hivyo mnunuzi asitosheke na upekuzi wa kawaida katika afisi ya msajili, ule unaoonyesha tu jina la mmiliki wa sasa. Wakili wake na arudi nyuma hadi hati ya kwanza kabisa, aone ilitolewa na nani, kwa utaratibu gani, na ramani ya mpango wa mji ilikitengea kipande hicho kazi gani. Ikiwa ramani inasema uwanja wa wazi, shule au njia, basi aondoke, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa. Hasa akiuziwa kwa bei ya kutupa!

Kwa mintarafu hiyo, swali langu la kwanza kwa kila mtaa wa ufuoni huwa ni hili: mvuvi anapita wapi? Ufuo ni wa umma. Wavuvi, wachuuzi wa madafu, na watoto wa Kongowea wanaokwenda kuogelea Jumapili, wote wana haki ya kuufikia. Mtaa ambao njia zake za kwenda baharini ziko wazi, mipaka yake kwa kawaida ni safi. Mtaa ambao kuta zimeungana bila upenyo kwa masafa marefu, hapana budi pana mtu aliyemeza njia ya wengine, na huenda njia yenyewe imo ndani ya bustani unayouziwa.

Kuta hizo zinanipeleka kwa majirani. Nyali haikai peke yake. Upande mmoja iko bahari, upande wa pili iko Kongowea, na soko lake kubwa la jumla linalopokea vyakula kutoka bara. Hapo karibu ndipo palipokuwa makao ya Freretown, walikokaribishwa watumwa waliookolewa katika miaka ya 1870, na kengele yao ndiyo iliyopapa mahali jina la Kengeleni. Mpishi, bawabu na mtunza bustani wa Nyali hutoka Kongowea, Maweni na Kisauni. Hivyo mabwanyenye na walalahoi wanatumia barabara moja, nafasi za maisha zikiwatenga. Dalali hukwambia mtaa ni mzuri kwa kuwa "hauoni fujo". Mimi humwuliza mtoto wa bawabu anasoma shule gani, na anafikaje huko. Jibu la swali hilo hunieleza habari za usalama wa mtaa kuliko nyaya za umeme zilizotandazwa juu ya ukuta.

Habari za njia sitazirefusha. Nyali iliungwa na kisiwa kwa daraja la kuelea mwaka 1931, kisha kwa daraja la sasa mwaka 1980, na anayefanya kazi mjini hana budi kulivuka kila asubuhi pamoja na Kisauni nzima. Upande wa kusini kuna Kivuko cha Likoni. Waliokuwa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, hawaitazami feri kwa macho ya mtalii. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha mtu wa Diani kufika bara bila kupanda feri, jambo ambalo kizazi changu kililiomba kwa miongo mingi.

Lipo jambo moja linalowahusu walio ughaibuni peke yao. Asiye raia wa Kenya haruhusiwi kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa, na muda wake hauzidi miaka 99. Wale waliochukua uraia wa Marekani kabla ya 2010, wakapoteza wa kwetu, waombe kurejeshewa uraia kabla ya kutia sahihi yoyote.

Binti yangu aliuliza mtaa, nami sikumficha langu. Mwenye fedha za Nyali na atazame kwanza kisiwani, katika Kizingo au Tudor. Nyumba zake ni kuukuu, na mabomba yanahitaji fundi. Hata hivyo Kizingo iko karibu na bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2019, ambako jioni watu wa kila tabaka huketi kando ya bahari wakila mihogo ya kukaanga. Mama yake akija kutoka Kiogoro atapata mtu wa kuzungumza naye. Katika yale makazi ya lango na walinzi atakaa na televisheni hadi aombe kurudishwa kwa migomba yake. Na siku ya siku ikifika, ni hapa Kiogoro atakapozikwa, kwa hivyo yale mabati ya nyumba ya mama bado yanahitajika.

Limebaki la maji. Mombasa hunywa maji yanayotoka mbali, ya Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, nayo hayajawahi kutosha. Pengo hujazwa na visima, na kwenye mwamba wa matumbawe visima vya karibu na ufuo huingiwa na chumvi, huku mashimo ya maji taka ya jirani yakiwa si mbali. Wauzaji hupenda kuwaleta wateja mwezi wa Mei, mvua ikiwa imejaza matangi na bustani ni za kijani. Nimemwambia aje Februari, afungue mfereji mwenyewe, na ayaonje.