Des Moines, Pipi Hailiwi Bure

Katika miji mingi ya Marekani, mtoto anayebisha mlango jioni ya Halloween hana kazi kubwa. Anasimama kibarazani amevaa sura ya mzimu au ya Spider-Man, anatamka maneno yanayojulikana nchi nzima, "trick or treat", anafungua mfuko, anatiliwa pipi, anakwenda zake. Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, mambo ni mengine. Mwenye nyumba hulikumbatia bakuli lake na kuuliza: haya, kichekesho chako kiko wapi? Mtoto hujikohoza, hukumbuka alichofundishwa na kaka yake njiani, kisha huuliza kwa nini kiunzi cha mifupa kiliogopa kupigana. Mwenye nyumba hujifanya hajui. "Hakina moyo!" mtoto hupiga kelele, na hapo ndipo mkono unaingia bakulini.

Desturi hii ina chanzo kinachojulikana. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, usiku wa Halloween ulikuwa umegeuka usiku wa uharibifu katika miji mingi ya nchi hiyo. Vijana walivunja vioo, waliwasha mioto barabarani na kung'oa milango ya nyua. Mwaka 1938 polisi wa Des Moines walipokea mamia ya simu za malalamiko kwa usiku mmoja. Mama mmoja, Kathryn Krieg, aliyesimamia michezo na burudani katika viwanja vya watoto vya mji, hakupendekeza askari zaidi. Alipendekeza watoto watengewe jioni yao, tarehe 30 Oktoba, mkesha wa Halloween yenyewe, wapite nyumba kwa nyumba waombe pipi, kwa sharti moja: waistahili. Kila mmoja aimbe, aghani shairi, apige ala au afanye mchezo fulani, peke yake au na wenzake. Jioni hiyo ikaitwa Beggars' Night, Usiku wa Ombaomba. Saa zikawekwa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Miaka ilivyopita nyimbo na mashairi vikapungua, kichekesho kikabaki. Mwaka 2024 hali mbaya ya hewa ilitabiriwa tarehe 30, mji ukaihamishia jioni hiyo tarehe 31, siku ya Halloween yenyewe. Watu walibishana sana kuhusu tarehe. Kuhusu kichekesho hakuna aliyebishana.

Mimi naiona busara ya mama yule kuwa kubwa kuliko alivyosifiwa. Angeweza kuwakataza vijana kutoka. Badala yake aliwapa sababu ya kugonga mlango uleule ambao mwaka uliotangulia waliupiga mayai. Na mwenye nyumba naye akapewa wajibu: hawezi kutupa pipi mfukoni huku macho yake yakiwa kwenye televisheni. Lazima asimame amsikilize mtoto wa jirani hadi mwisho wa sentensi, hata kama sentensi yenyewe imepinda na jibu limesahaulika njiani. Wako watoto wengi duniani ambao hawasikilizwi hivyo na mtu mzima asiye mzazi wao kwa mwaka mzima.

Wanaodhani sharti hilo ni ubunifu wa Iowa peke yake wanasahau Halloween ilikotoka. Mizizi yake iko Ireland na Scotland, katika Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, siku ambayo iliaminika kuwa wafu na walio hai hukaribiana. Kanisa Katoliki liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na kumbukumbu ya Marehemu Wote siku inayofuata, na mila za zamani na za Kanisa zikachanganyika. Uingereza, maskini na watoto walizunguka milangoni kuomba mikate midogo, nao kwa malipo waliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Scotland, watoto waliojigeuza sura waliimba au kusoma beti ili wapewe tofaa na njugu. Muombaji hakwenda mikono mitupu hata siku moja. Wairish waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 walipofika Marekani walikuja na mila hizi, na wakakuta boga. Kwao walichonga nyuso kwenye mizizi minene ya jamii ya figili, kazi ngumu yenye kutoa taa ndogo. Boga ni laini, kubwa, na mwanga wa mshumaa unatoka humo kama jua la machweo.

Mtaa ninaoujua vizuri ni Beaverdale, upande wa kaskazini-magharibi mwa mji, wenye nyumba ndogo za matofali mekundu na mapaa marefu ya mteremko, nyingi zikiwa zimejengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni mtaa wa njia za waenda kwa miguu, miti mikubwa, na milango iliyo karibu na barabara, na hilo si jambo dogo. Pale ambapo nyumba zimejengwa mbali mbali na kila mtu anaingia nyumbani kwa kupitia mlango wa gereji, mtoto atembee kwenda wapi?

Siku yenyewe huanza na maboga. Watu wengi huyanunua mapema Oktoba, lakini wenye uzoefu hawayachongi mpaka siku ya mwisho au mbili kabla, kwa kuwa boga lililokatwa huoza upesi, na kindi wa mtaani hawana subira. Mfuniko hukatwa kuzunguka kikonyo, nyuzi na mbegu hukombwa kwa kijiko kikubwa, macho na meno huchorwa kwa kalamu kabla ya kisu. Mbegu hazitupwi. Huoshwa, hutiwa chumvi na mafuta kidogo, huokwa mpaka zinapoanza kupasuka, na harufu yake ndiyo inayowaita jikoni hata wale waliokataa kazi ya kuchonga.

Mchana hupita haraka. Jua huzama muda mfupi tu baada ya saa 12 jioni, na baridi ya mwisho wa Oktoba Iowa si ya mchezo. Wazee wa huku bado wanaikumbuka Halloween ya 1991, dhoruba ilipoizika Minnesota kwa theluji na kuifunika Iowa kwa barafu. Kila mwaka, basi, mlangoni huwa na mgogoro uleule: mama anataka koti livaliwe juu, binti wa kifalme anataka gauni lake lionekane. Wengi huishia kuvaa koti ndani na gauni juu, na mitaa hujaa malaika wanene.

Kanuni kuu ya jioni hiyo haikuandikwa popote. Taa ya kibarazani ikiwaka, karibu. Ikizimwa, pita, na usimchukie mwenye nyumba. Huenda mgonjwa amelala, huenda imani yake haimruhusu, huenda pipi zimekwisha. Boga lililopakwa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani maana yake ndani kuna zawadi zisizo chakula, penseli au vibandiko, kwa ajili ya watoto ambao karanga au maziwa huwadhuru. Alama hiyo ilianzia Tennessee mwaka 2012, na sasa mama anaweza kuiona akiwa ng'ambo ya barabara na kumwambia mwanawe aende bila hofu.

Watu wazima nao wana sikukuu yao pembeni. Huwasha moto katika karai la chuma mbele ya nyumba, huchemsha juisi ya tofaa kwa mdalasini, na anayepita akivuta kigari chenye mtoto aliyechoka hukaribishwa bakuli la mchuzi mzito wa nyama ya kusaga na maharage. Hapo ndipo waliohamia wakati wa kiangazi hujulikana majina. Baridi ikishaingia kila mtu atafunga mlango mpaka Machi, kwa hiyo mazungumzo ya jioni hii hubeba mengi: nani amejifungua, nani amefiwa, nani atahitaji kuondolewa theluji kwa koleo. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, huweka daftari kando ya bakuli na kuandika kila kichekesho kipya anacholetewa. Kile alichokwisha kukisikia hupewa pipi moja. Kipya hupewa mbili. Watoto wanajua, na hukaa chini ya mti wake wakishauriana kabla ya kupanda ngazi.

Kuhusu vijana wa miaka 14 na 15 wanaokuja na ndevu changa na vazi la haraka haraka, wapo majirani wanaowanyima. Mimi sikubaliani nao. Kijana aliyechagua kutembea na mfuko wa pipi na wadogo zake, wakati angeweza kuwa popote pengine, apewe na aombwe kichekesho kama wengine.

Na sumu je? Kila mwaka wazazi huonyana kuhusu wembe ndani ya tofaa na sumu ndani ya pipi. Mwanasosholojia Joel Best ameyafuatilia madai hayo kwa miongo kadhaa, akirudi nyuma hadi 1958, na hajapata hata kisa kimoja kilichothibitishwa cha mtoto aliyeuawa au kujeruhiwa vibaya na pipi ya mtu asiyemjua. Kisa kinachotajwa zaidi, cha Texas mwaka 1974, kilikuwa cha baba aliyemuua mwanawe mwenyewe. Hatari ya kweli iko barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia miaka 42 ya ajali, ulikuta vifo vya waenda kwa miguu vikiwa asilimia 43 zaidi jioni ya Halloween kuliko jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada yake. Mtaa unaowapenda watoto wake huegesha magari mapema, huwasha taa, na hutembea kwa makundi.

Kwa ajili ya hofu hiyo hiyo, makanisa na shule nyingi sasa hupanga magari kwenye maegesho, hufungua buti zilizopambwa, na watoto hupita buti kwa buti. Najua nia ni njema, na kwa familia inayoishi kando ya barabara kuu huo ni msaada mkubwa. Lakini buti ya gari haina jirani. Mtoto harudi pale Jumanne kuomba baiskeli yake ipigwe pampu.

Des Moines ina wasemaji wengi wa Kiswahili. Wapo Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na Warundi waliokulia kambini Tanzania kabla ya kupokelewa Marekani. Kwao Halloween ilifika kama fumbo. Baadhi ya wachungaji huikataza kabisa, wakisema mifupa na wachawi si vitu vya kuchezea watoto. Waislamu wengi pia huzima taa. Mtu aliyetoka mahali ambapo kumwita mwenzake mchawi kunaweza kumtoa roho hawezi kulazimishwa kuona utamu katika kofia nyeusi iliyochongoka, na majirani wema wanalielewa hilo. Lakini familia nyingine zimepata njia ya katikati: mtoto avae kama daktari, simba au askari wa zimamoto, aache mifupa. Dada mmoja mwenye asili ya Mombasa aliniambia kwamba mwanawe alipouliza kwa nini wageni wanatoa pipi, alimsimulia jinsi yeye na ndugu zake walivyozunguka na nguo mpya kupokea mkono wa Idi. Mtoto akaridhika mara moja.

Na katika sharti la kichekesho watoto hawa wana mtaji kuliko wenzao. Msichana wa Kirundi wa darasa la tatu alipanda ngazi za yule mwalimu mstaafu, akasema kwa Kiingereza: nyumba yangu haina mlango. Mzee akafikiri. Akataja kaburi, akataja boga, akashindwa. Msichana akamwambia sharti ampe mji. Mzee hakuelewa, akaelezwa kwamba kwao anayeshindwa kitendawili hutoa mji mzima, na mtegaji hutawala huko kabla ya kusema jibu. Akampa Chicago. Msichana akaipokea, akasema: yai. Daftari likafunguliwa.

Tangu hapo, ikifika katikati ya Oktoba, kwenye majengo ya kupanga zinakoishi familia hizo, bibi na mashangazi huombwa vitendawili kama watu wanavyoombwa sukari. Vinachujwa vikali. "Kuku wangu katagia mibani" kiliachwa, maana nanasi la huku wengi hulijua kwenye kopo, na miiba yake hawajawahi kuiona. "Popo mbili zavuka mto" kinafaulu vizuri, kwani hakuna Mmarekani aliyefikia macho kwa kubahatisha. "Nyumba yangu ina nguzo moja" kilitumainiwa sana, kikaanguka nyumba ya kwanza tu: watu wa Iowa huingia msituni kuokota uyoga kila majira ya kuchipua, na mama aliyefungua mlango alitoa jibu kabla mtoto hajamaliza kuvuta pumzi. Pipi alipewa hata hivyo.